Daftari la Askofu Hannington

Wiki hii nataka niwaeleze habari za mtumishi mmoja wa zamani ambaye daftari lake limenifundisha kuomba.

James Hannington alizaliwa mwaka 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, Uingereza. Alikuwa mcheshi na mpenda safari. Alipokuja Afrika mara ya kwanza, mwaka 1882, aliwaandikia watoto wa ndugu zake barua zenye michoro ya kuchekesha, akijichora mwenyewe akipata taabu njiani. Ugonjwa ulimrudisha kwao. Hakukata tamaa. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu, akarudi.

Julai 1885 alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akielekea Buganda kwa miguu. Alikata nchi ya Wamaasai hadi Mumias, ng'ambo ile ya Kisumu, si mbali sana na kwetu. Hapo aliwaacha wapagazi wengi pamoja na mwenzake William Jones, mtumishi Mwafrika, akaendelea na watu kama 50. Hakujua jinsi Kabaka Mwanga alivyowaogopa wageni wanaoingia kutoka mashariki.

Tarehe 21 Oktoba alikamatwa Busoga, kwa chifu Luba. Aliburutwa kwa nguvu hata akadhani anaenda kutupwa gengeni. Akafungwa siku nane, na humo kifungoni aliendelea kuandika katika kijitabu chake.

Aliandika nini? Aliandika juu ya walinzi walevi, wadudu, homa na kukosa usingizi. Tarehe 28 aliandika kwamba amevunjika kabisa, akamsihi Mungu amrehemu. Na hapo hapo, siku hiyo hiyo, akaandika kwamba Zaburi ya 27 imemfariji. Kesho yake akaandika kwamba Zaburi ya 30 imemshikilia, tena akataja fisi aliyelia karibu naye usiku. Siku hiyo, 29 Oktoba 1885, aliuawa pamoja na wengi wa watu wake. Kijitabu kilipatikana baadaye, na maandishi yake yakachapishwa London.

Nikisema ukweli, mimi ningeona haya kuandika hivyo. Sisi tumezoea kukiri ushindi. Ukiulizwa pale mlangoni uko aje, unajibu umebarikiwa, kumbe usiku mzima hukulala kwa sababu ya karo au mambo ya nyumbani. Madaftari yetu ya Jumapili yamejaa vichwa vya mahubiri na maono ya mwaka: shamba, nyumba, gari. Hofu haina ukurasa.

Lakini Hannington hakuwa mtu wa imani haba. Hofu na Zaburi alizitia katika kitabu kimoja, kama Daudi alivyofanya. Kuandika hakukumfungua kifungoni, wapendwa, tusidanganyane. Kulimsaidia asinyamaze mbele za Mungu. Mzigo usiosemwa hukaa tu moyoni ukioza.

Basi nawaomba mjaribu hivi. Chukua daftari la kawaida la shule. Jioni, kabla ya kulala, andika mambo matatu. Kwanza, kilichokulemea leo, bila kukipamba. Pili, andiko moja la kushika. Tatu, jambo moja dogo la kufanya kesho, hata kama ni kupeleka majani chai kituoni mapema au kumpigia ndugu uliyekosana naye. Kama unapenda kuchora, chora. Hakuna atakayekusahihisha.

Na ukiona wiki zinapita na kila ukurasa ni giza lile lile, usikae nalo peke yako. Mwonyeshe mchungaji au mtu unayemwamini, na uende hospitali pia. Kumwona daktari si kukosa imani.

Wiki hii tusome Zaburi ya 27 na ya 30, kalamu ikiwa mkononi. Mungu ambaye hakumkataa Hannington akiwa amevunjika hatakukataa wewe. Barikiwa.