Ibn al-Haytham: Mwanachuoni wa Nuru na Macho

Ndugu wanafunzi, maji ya ziwa letu hapa Mwanza hutokea Jinja, Uganda, na kuwa Mto Nile unaokwenda hadi Misri. Mto huo ndio uliobadilisha maisha ya Ibn al-Haytham.

Alizaliwa Basra, Iraq, mwaka 965 hivi. Inasimuliwa kwamba alidai anaweza kuyazuia mafuriko ya Nile, na Khalifa al-Hakim akamwita Misri. Alipoukagua mto akaona haiwezekani. Kwa kuchelea hasira ya khalifa akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu.

Katika Kitab al-Manazir alibainisha kwamba tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, wala si kwa miale itokayo jichoni. Alifariki Kairo mwaka 1040 hivi, zaidi ya miaka 200 kabla ya miwani kuanza kutengenezwa Italia.

Leo nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, kipimo alichokipendekeza Mfaransa Monoyer mwaka 1872. Lenzi ya dayopta 1 hukusanya nuru umbali wa mita 1; ya dayopta 2, nusu mita. Alama ya kutoa ni kwa asiyeona vizuri mbali. Ya kujumlisha, karibu.

Basi anayefinya macho kusoma ubao amwambie mwalimu, akapimwe. Ibn al-Haytham alijificha kwa kuogopa adhabu. Ninyi hamna khalifa wa kumwogopa.