Askofu Edward Steere na Watoto wa Unguja

Katika kitabu hiki cha yubile wasomaji wetu watakuta habari za makanisa, na za shule, na za mapadre wengi waliofanya kazi kabla yetu. Sisi tumepewa kuandika habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, Askofu Edward Steere. Jina lake si geni kwa walimu wa Kiswahili, na kaburi lake limo katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, nyuma ya madhabahu. Watu wengi humkumbuka kwa ajili ya kanisa lile na kwa ajili ya vitabu vyake. Lakini mtu akiyafuata maisha yake tangu siku alipofika Unguja, ataona ya kuwa shule, na vitabu, na hata kanisa lile la mawe, vyote vilitanguliwa na watoto watano.

Steere alizaliwa katika mji wa London mwezi wa Mei mwaka wa 1828. Alisoma sheria hata akapata cheo cha daktari wa sheria, akawa wakili. Baadaye akaiacha kazi ile, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka wa 1856, kisha akapewa kazi ya upadre katika mitaa ya mashamba upande wa Lincolnshire. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, wala hakuona haya kutumia mikono yake. Kazi ya kupiga chapa aliijua tangu ujana wake, tena twasoma ya kuwa hata kazi za seremala na mwashi hazikumshinda.

Jirani yake katika nchi ile alikuwa padre William Tozer, rafiki yake mpenzi. Basi mwaka wa 1862 ikaja habari ya msiba. Askofu Charles Mackenzie, aliyetumwa Afrika na Misioni ya Vyuo Vikuu, amekufa kwa homa karibu na mto Shire, na wenzake wengine wamekufa vile vile. Tozer akachaguliwa kushika mahali pake, na Steere akaona si vema rafiki yake aende peke yake. Alikusudia kufuatana naye kwa muda tu, mwaka mmoja au miwili, kisha arudi kwao kwa mkewe, aliyekuwa mgonjwa na kubaki Uingereza. Ndivyo alivyokusudia yeye.

Kwanza walikaa upande wa mto Zambezi, katika mlima wa Morambala. Mahali pale palikuwa pa ukungu na maradhi, na watu walikuwa wachache, wametawanywa na njaa na vita vya watumwa. Askofu Tozer akakata shauri kuhamia Unguja, na watu wengi wa Uingereza wakamlaumu sana kwa kuuacha mto. Mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka wa 1864 Tozer na Steere wakashuka Unguja. Hawakuwa na shule, wala kanisa, wala mtu hata mmoja wa kufundishwa.

Wakati ule Unguja ilikuwa soko kubwa la watumwa katika pwani hii yote. Majahazi yalileta watu kutoka Kilwa na bandari nyingine, na kila siku waliuzwa mjini kwa mnada. Hawakupita siku nyingi wageni wale, Sultani Seyyid Majid akawaletea watoto wanaume watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Akampa askofu.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa sababu mara nyingi habari hii husimuliwa upesi, kana kwamba watoto wale walikuja wakicheka. Watoto wale hawakuulizwa. Walikuwa wamekamatwa na kuuzwa, wakasafirishwa baharini, na sasa walitolewa tena kwa watu wengine wasiowajua. Na watoto wengi waliotolewa majahazini walikuwa wamekwisha kuambiwa ya kuwa Wazungu hula watu. Mtoto wa namna hii akiletwa katika nyumba kubwa ya mawe, akapewa chakula kingi, aweza kudhani ya kuwa ananoneshwa. Basi kazi ya kwanza ya Steere haikuwa kuhubiri. Ilikuwa kuwafanya watoto watano waamini ya kuwa hawataliwa wala hawatauzwa tena.

Naye hakuwa na maneno ya kuwaambia. Kiswahili alikuwa hajakijua, ila kwa msaada mdogo wa kazi za Krapf, aliyekaa Mombasa miaka mingi kabla yake. Wala watoto, wengi wao waliotoka bara, hawakuzaliwa na lugha hii. Ikawa mwalimu na wanafunzi wanajifunza pamoja. Steere alikwenda na kalamu, akiuliza neno hili na lile, akaandika, akasahihishwa, akaandika tena. Mwalimu wa leo aliyekwisha kupelekwa kufundisha katika nchi ya lugha asiyoijua atafahamu unyenyekevu unaotakiwa hapo, kwa maana watoto hucheka, na mwalimu yampasa kuchekwa na kuuliza tena.

Alipopata maneno ya kutosha alianza kufasiri. Hapo ndipo twaona moyo wake juu ya sala. Kama angalitaka, angaliweza kuwafundisha watoto kusali kwa Kiingereza, wakayakariri maneno kama kasuku, na wageni kutoka Ulaya wangalistaajabu kuwasikia. Yeye aliona ya kuwa sala isiyofahamiwa na mtoto bado si sala yake. Basi akafasiri sala na nyimbo, na sehemu za Maandiko Matakatifu, ili mtoto aseme na Mungu kwa maneno yale yale atumiayo akiomba maji ya kunywa. Tena aliwafundisha wavulana kupiga chapa, akawaweka kwenye mtambo, wakapanga herufi na kutoa karatasi kwa mikono yao wenyewe. Watoto waliouzwa kama bidhaa wakawa wanatengeneza vitabu katika mji ule ule. Kabla ya Steere Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, tena kwa utenzi mzuri sana, na wenyeji wa pwani walikuwa na elimu yao. Tusiseme ya kuwa yeye ndiye aliyewaletea watu wa Unguja maandishi. Lakini karatasi zilizopigwa chapa kwa ajili ya watoto wa shule zilikuwa jambo jipya.

Katika kazi hii alipata wasaidizi wengi, na mmoja wao twapenda kumtaja hasa. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, aliyezaliwa Barawa, alikuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu. Yeye kwa hiari yake alijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora na safi. Steere alimshukuru wazi katika dibaji ya kitabu chake. Akaeleza pia, bila kumvunjia heshima, ya kuwa lugha ya sheikh ilikuwa ya elimu mno, isiyofaa sawasawa kwa kazi aliyoikusudia, tena sheikh alikuwa na shughuli nyingi zilizochelewesha kazi. Basi ikambidi kutafuta maneno mepesi zaidi. Sisi twaona jambo hili ni kubwa. Alikuwa na tafsiri ya mwanachuoni mkononi, akachagua maneno ya watu wa kawaida, yawezayo kufahamiwa hata na mtoto. Wala kwa kuchagua hivyo hakusahau kumshukuru yule mwanachuoni.

Shukrani ile ilikuwa desturi yake. Katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokitoa mwaka wa 1870 hakujifanya ya kuwa hadithi zile ni mali yake. Aliwaambia wasomaji wa Ulaya ya kuwa amezipata kwa wenyeji wa Unguja, na ya kuwa watu wanaosimulia hadithi za namna hii wana akili na utu wa kuheshimiwa. Siku hizo walikuwako Wazungu wengi waliofikiri ya kuwa Mwafrika anayo ya kupokea tu, hana la kutoa. Mara nyingi sisi walimu hungoja watoto watushukuru. Steere aliona deni liko upande wake.

Mwaka wa 1868 alirudi Uingereza, akakaa katika mtaa wake wa Little Steeping. Mwaka wa 1870, pamoja na zile hadithi, akatoa kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili, kilichotumiwa na watu wengi kwa miaka mingi. Huenda angalibaki huko. Lakini mwezi wa Aprili mwaka wa 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi, ikaharibu na majengo ya misioni kule Kiungani, ambako wavulana walisoma. Tozer alikuwa mgonjwa, na kazi ilikuwa karibu kuvunjika. Steere akarudi mwaka huo huo, akaanza kujenga upya.

Mwaka wa 1873, mwezi wa Juni, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa likafungwa. Kiwanja chake kikawa tupu. Padre Arthur West akanunua sehemu yake, na Banyani mmoja tajiri, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine kuwa zawadi. Siku ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali walipouzwa watoto.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Steere akawekwa kuwa askofu katika Westminster Abbey, kushika mahali pa Tozer. Aliporudi Unguja hakuketi akaagiza watu. Yeye mwenyewe alisimamia ujenzi, akapima, akachora, akawaonyesha mafundi. Paa aliitaka iwe ya mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, kama nusu ya pipa lililolazwa, upana wake futi 28, bila nguzo katikati. Watu wakasema itaanguka. Mbao za kuishikilia zilipoondolewa, haikuanguka, na hata leo ipo. Nguzo ndogo karibu na mahali pa kubatizia zimesimama kichwa chini miguu juu, na wenyeji husimulia ya kuwa mafundi waliziweka hivyo siku askofu asipokuwapo. Naye akaziacha, na waongozaji huwaonyesha wageni mpaka leo. Madhabahu, kwa masimulizi ya wazee, iko mahali uliposimama mti wa kufungia watumwa wakapigwa mijeledi.

Ibada ya kwanza katika kanisa lile ilifanywa Siku ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka wa 1879, miaka sita kamili tangu kuwekwa jiwe la msingi. Na mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko paa. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa mwaka wa 1864, aliwekewa mikono kuwa shemasi.

Hatusemi ya kuwa kila mtoto aliyelelewa na misioni alifuata njia ile. Wengine waliondoka wakaenda zao mjini, na wengine hawakupenda masharti ya shule, ambayo yalikuwa makali. Kwa wale waliotamani kurudi bara Askofu Steere alifanya lililo gumu zaidi. Mwaka wa 1876 alikwenda kwa miguu pamoja na wanaume 31 na wanawake 24, watu walioachwa huru, kuwarudisha upande wa nchi zao. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri yenye maji, nao wamechoka, wakaomba kukaa hapo. Ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi. Wasichana nao walikuwa na shule yao Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka wa 1877 kufundisha, akakaa hata kufa kwake mwaka wa 1926.

Katika miaka hiyo yote kazi ya kufasiri haikukoma. Kabla ya kufa kwake Agano Jipya zima lilikuwa limekwisha kusomeka kwa Kiswahili, na sehemu ya Agano la Kale. Biblia nzima ilitoka mwaka wa 1891, baada yake. Na wataalamu walipokutana Mombasa mwaka wa 1928 kuchagua Kiswahili cha kutumiwa mashuleni katika nchi zote za Afrika ya Mashariki, walichagua Kiunguja, lugha ile ile aliyokuwa ameiandika Steere.

Mwaka wa 1882 alikuwa Uingereza kwa mapumziko, na afya yake haikuwa nzuri. Hakukubali kubaki. Akafika Unguja mwezi wa Agosti, na baada ya siku chache tu akafa usingizini katika nyumba ya misioni Mkunazini, umri wake miaka 54. Yule aliyekuja kwa mwaka mmoja au miwili alikuwa amewapa watu wa nchi hii sehemu kubwa ya maisha yake. Wakamzika nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1887, mwenzake A. C. Madan alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe, jinsi walivyokamatwa kwao na kuuzwa, na jinsi walivyookolewa. Walikuwa wameziandika kwa Kiswahili. Na mwaka wa 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa alipokuwa mtoto, na kusoma Kiungani, akawekwa kuwa padre, wa kwanza katika Waafrika wa misioni ile. Kazi yake ilikuwa Chitangali, bara ya kusini, na huko alikuwa na shule ya watoto.