Edward Sabine

Edward Sabine (Dublin, 14 Oktoba 1788 – Richmond, 26 Juni 1883) alikuwa mwanajeshi na mwanafizikia wa Uingereza aliyezaliwa nchini Eire. Anajulikana hasa kwa kulinganisha mabadiliko ya uga sumaku wa Dunia yaliyopimwa katika vituo vilivyo mbalimbali sana.

Maisha

Akiwa ofisa wa mizinga alisafiri hadi Aktiki pamoja na John Ross mwaka 1818. Vipimo vyake vya graviti vilishambuliwa hadharani mwaka 1830 na mwanahisabati Charles Babbage, aliyeona vimelingana mno kuaminika. Kazi ya sumaku ndiyo iliyolijenga upya jina lake.

Vituo vya sumaku

Kuanzia mwaka 1839 alisimamia vituo vya Toronto, Saint Helena, Rasi ya Tumaini Jema na Hobart (Tasmania). Katika siku maalumu waangalizi wote walisoma vifaa vyao kwa saa ya Göttingen, mji wa Carl Friedrich Gauss. Bila saa moja, kulinganisha kusingewezekana.

Miaka hiyo Sayyid Said alikuwa akitawala kutoka Unguja, na bandari ya Mji Mkongwe ilijaa vyombo vilivyotegemea dira. Kisiwa chenyewe hakikuwa na kituo. Cha karibu kilikuwa Rasi, zaidi ya km 3,500 kusini. Hata hivyo matokeo yaliihusu Unguja pia. Dhoruba ya sumaku ya 25 Septemba 1841 ilionekana Toronto, Praha na Rasi kwa pamoja, kwa hiyo chanzo chake hakikuwa cha mahali pamoja. Karibu na ikweta dira huyumba kidogo tu, kiasi ambacho nahodha hawezi kukitambua kwa macho.

Madoa ya Jua

Mke wake, Elizabeth Leeves, alikuwa akitafsiri Kosmos, kitabu cha Alexander von Humboldt chenye hesabu za madoa ya Jua zilizofanywa na Heinrich Schwabe. Sabine alitambua kwamba misukosuko ya Toronto na Hobart, karibu pande mbili za Dunia zinazokabiliana, iliongezeka pamoja kuanzia 1843 hadi 1848, sawasawa na madoa hayo. Alitangaza jambo hilo mwaka 1852. Waswisi Rudolf Wolf na Alfred Gautier walilifikia mwaka uleule, kila mmoja kwa njia yake.

Sabine alikuwa rais wa Royal Society miaka 1861–1871. Elizabeth alifariki mwaka 1879. Wamezikwa pamoja Tewin, Hertfordshire.