Bibi Magdalene von Prince na Jina la Mumewe

Kabla ya kusimulia jinsi Injili ilivyoenea Ubena, kutoka Njombe hadi Makambako, yafaa kumtaja mwanamke ambaye hakuwa mmisionari, lakini ambaye kitabu chake kimetumiwa sana na waandishi wa historia ya nyanda hizi. Bibi Magdalene von Massow alizaliwa Ujerumani mwaka 1870. Mwaka 1896 aliolewa na Kapteni Tom Prince, akaandamana naye hadi Iringa, ambako ngome mpya ya Wajerumani ilikuwa ikijengwa. Wenyeji walimwita mumewe Bwana Sakarani, yaani mtu aliyelewa, kwa ukali wake vitani.

Kazi ya Prince ilikuwa kumsaka Mtwa Mkwawa. Desemba 1896 alimsimika Mpangile, nduguye Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe. Februari 1897 aliamuru auawe kwa tuhuma ya kumsaidia Mkwawa kwa siri. Vijiji vilichomwa, chakula kikatwaliwa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi, na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Iringa. Katika miaka hiyo hiyo wamisionari wa Berlin, waliokuwa Unyakyusa tangu 1891, walianza kujenga vituo vyao Ubena. Hivyo Neno la amani na moshi wa vita vilifika karibu kwa pamoja, jambo ambalo wazee wetu hawakulisahau.

Prince aliacha jeshi mwaka 1900, wakahamia Usambara kuwa walowezi katika shamba waliloliita Sakarani. Mwaka 1903 shajara ya Bibi Magdalene ilichapishwa Berlin. Humo matendo ya mumewe husimuliwa kwa macho ya mke ampendaye. Tarehe 4 Novemba 1914 Prince aliuawa katika vita vya Tanga, na tangu siku hiyo kitabu cha mjane huyo kikawa ngao ya jina la marehemu. Hapana haki ya kumlaumu mke kwa kumtetea mumewe. Lakini mjane wa Mpangile, na wajane wengi wa Uhehe na Ubena, hawakuwa na mpiga chapa Berlin. Utetezi wao ulibaki katika masimulizi ya jioni.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, mwaka 1954, likawekwa Kalenga.