BULA MATARI NA MIKANDA YAKE

Sisi wa darasa ya sita tumemuchagua Henry Morton Stanley, yule wazee wetu walimuita Bula Matari. Maisha yake yameandikwa sana, na yeye mwenyewe aliandika mengi. Shida iko hapo.

Alizaliwa mwaka 1841 kule Denbigh, inchi ya Wales, kwa jina la John Rowlands. Alikomalia katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Kitabu cha maisha yake, kilichochapwa mwaka 1909 nyuma ya kufa kwake, kinasema alimupiga mwalimu mukali akaruka ukuta na kukimbia. Kumbe rejista ya nyumba ile inaonyesha aliondoka kwa amani, kwenda kukaa kwa jamaa yake na kusoma!

Kisha akavuka bahari mpaka New Orleans, Marekani, akakamata jina la tajiri Henry Hope Stanley. Aliandika kwamba tajiri huyo alimufanya mutoto wake, halafu akafa mwaka 1861. Wachunguzi wakaenda kutazama karatasi za muji ule: muzee Stanley alikufa mwaka 1878. Basi mutu muzima alizikwa kwa kalamu miaka 17 mbele ya siku yake. Mukanda wa uongo unakamatwa hivyo, kwa kuweka pembeni yake mukanda mwingine wa mutu asiyetafuta sifa wala faida.

Mwaka 1871 alimukuta Livingstone kule Ujiji. Katika kaye yake, kurasa za siku ile zimepasuliwa. Toka 1874 mpaka 1877 alikata Afrika, akapita Nyangwe, akashuka na muto Kongo mpaka Boma. (Kwetu Kaniama hakufika.)

Toka 1879 mpaka 1884 alimutumikia Leopold wa Pili, mufalme wa Ubelgiji. Yeye na wenzake waliwatiisha machifu alama kwenye mapatano ambayo hawakuweza kuyasoma, na ndani yake biashara yote iliachiwa watu wa Leopold. Lakini nakala ambazo Henry Sanford alibeba Washington ziligeuzwa kwanza Brussels. Maneno yale ya biashara yalitolewa, ili Wamarekani waamini kila mutu atauza kwa uhuru. Tarehe 22 mwezi wa ine 1884 Marekani ikakubali bendera ya Leopold. Machifu wenye alama zao hawakuwako pale kusema neno, na hapa uongo haukuwa tena wa kujisifu: ulibeba inchi nzima.

Stanley alikufa London mwaka 1904. Jiwe la kaburi lake pale Pirbright lina jina Bula Matari. Kitabu cha ubatizo cha Denbigh kinamuita John Rowlands.