Dorothy Hodgkin na Fuwele Zake

Dorothy Crowfoot alizaliwa Cairo mwaka wa 1910. Akiwa na umri wa miaka 10 huko Uingereza, alifunzwa kuotesha fuwele za shabu na salfeti ya shaba. Chumvi huyeyushwa katika maji moto hadi yashibe, kisha huachwa yapoe polepole. Ukiharakisha, utaambulia chembe ndogondogo tu. Mnamo 1923 aliwazuru wazazi wake Khartoum, na mwanakemia A. F. Joseph akampa sanduku la vifaa vya kuchunguzia madini. Aliporejea kwao aliigeuza dari ya nyumba kuwa maabara.

Mchezo huo ndio uliokuja kuwa kazi. Mwaka wa 1935, vidole vikiwa vimekwisha kuvamiwa na baridi yabisi, alichapisha matokeo ya kupiga fuwele ya insulini picha kwa eksirei. Alibainisha umbo la penisilini, kisha la vitamini B12, na habari za Tuzo ya Nobeli ya 1964 zikamfikia akiwa Ghana. Ajabu ni kwamba gazeti moja la kwao lilimtaja kama mke wa nyumbani! Umbo la insulini nalo lilifumbuliwa mwaka wa 1969, baada ya miaka 34.