Jina la Mzee Karume na Umri wa Vijana Wetu

Marehemu Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja, tarehe 7 Aprili, 1972. Wasomaji wetu wa visiwani, toka Pemba hadi Mafia, wanamkumbuka kuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar. Lakini jina lake lingali uwanjani pia. Timu ya vijana ya Zanzibar huitwa Karume Boys, na Shirikisho la Mpira wa Miguu la Tanzania lina makao yake katika Uwanja wa Karume, Ilala. Yafaa basi tuyatazame maisha yake.

Historia rasmi yasema alizaliwa Mwera, Unguja, mwaka 1905. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Alikwenda baharini angali kijana, akafanya kazi melini kwa miaka mingi, kisha akarejea na kushirikiana na wenzake kuvusha abiria kwa motaboti bandarini. Mwaka 1957 aliongoza Afro-Shirazi Party iliyokuwa imeundwa Februari, na Julai akashinda kiti cha Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari, 1964, alishika Urais, na Muungano ulipofanyika tarehe 26 Aprili akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Utawala wake haukukosa lawama, kwani uchaguzi haukuitishwa Visiwani hadi alipofariki. Hata hivyo, katika mpira alijali pande zote. Huku Bara, Yanga na Simba, mahasimu wa jadi, wote humtaja miongoni mwa waliowasaidia kupata majengo yao.

Jina la mtu huyo ni amana, na amana hiyo imewahi kutiwa doa. Mwaka 2018 Karume Boys waliondolewa katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati nchini Burundi kwa kuwa na wachezaji waliozidi umri. Wala Bara hatuna la kuwacheka. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, wakanyang'anywa nafasi kwa kosa hilo hilo. Walipokwenda Gabon mwaka 2017, walipata nafasi kwa sababu Kongo Brazzaville nayo iliondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji. Kumbe kosa lile lile lililotutoa ndilo lililotuingiza.

Mwenye kuumia ni yule kijana wa umri halali. Mtoto wa Kilindoni huvuka bahari kuja Bara kutafuta nafasi, na yule wa Kisarawe husafiri hadi Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wakifika na kukuta nafasi imekaliwa na mtu mzima, safari yao imepotea, na taifa limempoteza mchezaji wa kesho.

Hatuna budi kusema wazi kwamba dawa haiko uwanjani. Iko katika ofisi zinazoandikisha vizazi. Tunatoa wito kwa wazazi wamwandikishe mtoto mara anapozaliwa, na kwa watumishi wa Serikali, Kibaha, Kisarawe, Mafia na Unguja, wakatae kuandika mwaka wa uongo, hata anayeuomba akiwa kiongozi wa timu. Karume Boys wa chini ya miaka 15 walipotwaa kombe la kanda nchini Uganda mwaka 2023, walionyesha kwamba vijana wetu wanaweza kushinda kwa umri wao wenyewe.